Mafaili yapo diskini, kwenye orodha hayaonekani

NAMANGA. Chukulia mama mmoja mfanyabiashara wa vitunguu hapa mpakani. Mzigo wake hutoka Mang'ola, wilayani Karatu, hupita kwenye Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani, na huishia Nairobi ambako mshirika wake, mama mwingine, huupokea na kuugawa kwa wauzaji wa rejareja. Karatasi zote za biashara hiyo, yaani ankara, vyeti vya uasili wa bidhaa, stakabadhi za ushuru na daftari la madeni, zimo kwenye kompyuta.

Jumatatu asubuhi anapokea barua. Forodha wanataka nyaraka za mizigo ya mwezi Juni mwaka juzi, na wanazitaka Ijumaa. Hana wasiwasi. Anafungua folda ya Juni, ambayo anakumbuka vizuri kuwa ilikuwa na ankara 31, kwa sababu mwezi ule soko lilichangamka na alivusha mzigo kila siku, siku nyingine mara mbili. Zinaonekana 19.

Kompyuta haijalalamika. Hakuna onyo wala maandishi mekundu. Ankara 12 hazipo, kana kwamba hazikuandikwa kamwe.

Jambo hili si dogo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inampa ofisa wa forodha mamlaka ya kudai nyaraka za bidhaa ndani ya miaka 5 tangu bidhaa hizo zilipoingizwa au kusafirishwa nje. Mfanyabiashara anayevusha mzigo kwa cheti kilichorahisishwa, kile cha bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000, huenda akadhani kwamba udogo wa mzigo unamwondolea kazi ya kutunza kumbukumbu. Haumwondolei. Na kumwambia ofisa kwamba kompyuta imezila hakumfikishi mtu popote.

Katika mkasa wa aina hii washukiwa wa kwanza huwa wale wale: virusi, kijana wa ofisini, na mtoto aliyechezea kompyuta siku ya Jumapili. Mara nyingi wote watatu hawana hatia.

"Shikamoo mama," anasema fundi, kijana wa duka la kompyuta la jirani.

"Marahaba mwanangu. Kuna mtu ameniibia ankara."

"Labda. Lakini kwanza naomba tusifute kitu, na tusihifadhi kitu kipya. Hiyo folda imefungwa kwa nini?"

Swali hilo ndilo la maana. Folda ile si folda ya kawaida. Miaka miwili nyuma kompyuta ya mshirika wa Nairobi iliibwa ndani ya basi, ikiwa na nakala za vitambulisho vya wateja na orodha ya nani anadaiwa nini. Tangu hapo wakaamua kusimba mafaili yao, ili mwizi akiipata kompyuta asiweze kusoma lolote. Kwa upande wa sheria pia walifanya vyema, maana nchi za jirani zote hizi sasa zina sheria za kulinda taarifa binafsi: Kenya na Uganda tangu 2019, Rwanda tangu 2021, Tanzania tangu 2022. Mpwa wa mama, aliyekuwa akisoma chuoni, aliwawekea Linux pamoja na programu iitwayo EncFS, kisha akaiunganisha folda hiyo na Dropbox ili akina mama wote wawili waifikie. Mpwa alipata kazi mbali. Akina mama walibaki na nywila, bila maelezo.

Ghala na dirisha lake

EncFS, iliyoanzishwa na Valient Gough mwaka 2003, hufanya kazi kwa folda mbili. Ya kwanza ni ghala. Humo ndimo mafaili yalimo kweli, yakiwa yamesimbwa, na hata majina yake yamegeuzwa kuwa herufi na tarakimu zisizosomeka. Ya pili ni dirisha la kutazamia ghala hilo. Ukitoa nywila, dirisha linafunguka na unaona "Ankara 14 Juni" badala ya vurugu la herufi. Ukizima kompyuta, dirisha linafungwa. Dirishani hakuna kitu kilichohifadhiwa. Kila unachokiona hapo kinatoka ghalani wakati uleule unapotazama.

Sasa, kila unapofungua folda dirishani, programu huenda ghalani, husoma majina yaliyosimbwa moja baada ya jingine, na hujaribu kuyafumbua. Ndani ya kila jina imefichwa alama ndogo ya uhakiki. Jina likifumbuka na alama ikakubali, linaonyeshwa. Likikataa, programu huliruka na kuendelea na linalofuata. Haimwambii mtu.

Hiyo si hitilafu. Programu ilitengenezwa hivyo makusudi. Maelezo yake rasmi yanasema wazi kwamba mafaili yasiyofumbuka hupuuzwa, na yanataja hata faida yake: mtu anaweza kutumia nywila mbili juu ya ghala moja, kila nywila ikionyesha mafaili yake tu na kuficha ya mwenzake. Kwa mwandishi wa programu huo ni ufundi mzuri. Kwa mama anayesubiriwa na forodha ni mtego, maana faili lililofutwa na faili lililofichwa yanafanana kabisa kwenye orodha.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya fundi ni kuhesabu. Anasimamisha Dropbox isiendelee kuoanisha, ananakili ghala zima kwenye diski ya nje, kisha anahesabu mafaili yote ya ghalani na yote ya dirishani. Ghalani yapo 640, ukiacha faili moja la ufunguo ambalo halihesabiwi. Dirishani yapo 627.

Pungufu ni 13. Wao wanatafuta 12.

Mama anashusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Hakuna aliyefuta ankara. Zimo ghalani, ila dirisha haliwezi kuzisoma. Lakini hilo la 13 ni nini?

EncFS ina chombo chake cha kuuliza swali hilo, na mafundi wengi hawakijui. Amri ni encfsctl showcruft, ikifuatiwa na njia ya kufikia ghala. Itaomba nywila, itapita ghala zima, na itataja kila jina lililoshindikana kufumbuliwa. Inaangalia majina tu, haigusi yaliyomo ndani ya mafaili, kwa hiyo haiwezi kuharibu kitu. Kijana anaiandika. Inarudisha mistari miwili.

Mstari wa kwanza una jina ambalo halikusimbwa kabisa: JUNI ZA ZAMANI.

Simu inapigwa Nairobi. Kumbe kule kuna kijana msaidizi ambaye Dropbox imo kwenye simu yake. Aliikuta folda iliyojaa majina ya ajabu ajabu, akadhani ni uchafu, akaamua kupanga. Alitengeneza folda mpya, akaipa jina la kueleweka, akahamishia humo mafaili 12. Akaishia hapo kwa sababu aliitwa kwenda kupokea lori.

Alifanya kazi hiyo ghalani, na hilo ndilo kosa lake. Katika mpangilio wa kawaida wa EncFS, usimbaji wa jina la faili hutegemea njia nzima ya folda zilizo juu yake. Jina lililosimbwa ndani ya folda ya Juni linafumbuka likiwa humo humo tu. Ukilihamishia folda nyingine huko ghalani, linakuwa ufunguo wa mlango wa nyumba ya jirani. Tena folda aliyoitengeneza ina jina la wazi lisilofumbuka, basi yenyewe nayo ikarukwa, pamoja na vyote vilivyomo. Ndiyo maana showcruft ilitaja folda moja badala ya ankara 12: ikishindwa mlangoni haiingii ndani.

Tiba yake ni rahisi kuliko homa iliyoleta. Kwa amri ya encfsctl encode fundi anajua folda ya Juni inaitwaje kule ghalani, anarudisha mafaili 12 humo bila kubadilisha hata herufi moja ya majina yao, anafunga dirisha na kulifungua upya. Ankara ni 31. Yaliyomo ndani hayakudhurika, kwa kuwa kila faili hubeba kianzio chake cha usimbaji. Wale waliochagua ule mpangilio mkali zaidi wa EncFS wajue kwamba kwao hata yaliyomo hufungwa na njia ya folda, hivyo kurudisha faili mahali pake halisi si hiari.

Daftari la madeni

Mstari wa pili ni habari nyingine. Jina lake linaanza kama majina mengine yaliyosimbwa, lakini mwishoni kuna mabano, na ndani ya mabano maneno ya Kiingereza yanayosema kwamba hiyo ni nakala iliyogongana, pamoja na jina la kompyuta ya Nairobi na tarehe.

Kila anayetumia Dropbox na mwenzake amewahi kuona kitu kama hicho. Watu wawili wakibadilisha faili moja kwa wakati mmoja, huduma hiyo haithubutu kuchagua nani yuko sahihi. Inaacha toleo moja na jina lake, na toleo la pili inalihifadhi kando ikiwa imeongeza maneno kwenye jina. Katika folda ya kawaida unayaona mafaili yote mawili na unajua kuna mgongano. Katika folda ya EncFS maneno yale yaliyoongezwa yanaharibu jina lililosimbwa. Haliwezi kufumbuka tena. Toleo la pili linafichwa, na la kwanza linabaki dirishani likijifanya ndilo pekee.

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko ya ankara. Ankara ikikosekana, mtu anaiona nafasi yake. Daftari liko palepale, linafunguka, lina tarakimu, na tarakimu hizo si za mwisho.

Kwa wiki tano akina mama hawa walikuwa hawaongei vizuri. Mteja mmoja wa Nairobi alikuwa anadaiwa shilingi za Kenya 84,000. Mshirika wa Nairobi alisema mteja amelipa na kwamba aliandika usiku uleule. Mama wa Namanga alifungua daftari na hakuona kitu. "Dada, niliandika," alisema yule wa Nairobi. "Basi limeandikwa wapi?" alijibu huyu. Hakuna aliyetamka neno wizi, lakini lilikuwa limeshakaa kati yao, na mzigo wa wiki ya tatu ulipelekwa kwa mpokeaji mwingine.

Fundi anachukua toleo linaloonekana sasa, analihamisha ghalani kwa muda hadi nje kabisa ya ghala. Kisha anachukua nakala iliyogongana, anaondoa nafasi, mabano na maneno yote yaliyoongezwa, hadi jina libaki sawasawa na lile la asili. Anafungua dirisha. Daftari lipo. Analinakili kwenye folda ya kawaida, na baada ya hapo analirudisha toleo la kwanza mahali pake. Sasa yako mawili, yanaweza kuwekwa bega kwa bega.

Toleo la Nairobi lina malipo ya 84,000. Toleo la Namanga lina mizigo miwili ambayo lile la Nairobi halina. Usiku ule mtandao ulikatika Namanga, mama akaandika bila intaneti, na mshirika wake naye akaandika kwake. Wote wawili walisema kweli.

Mazungumzo yaliyofuata kwa simu ni yao wenyewe.

Folda inapofunguka tupu

Mkasa wa Namanga ulikuwa na bahati kwa sababu faili la ufunguo lilikuwa salama. Lile moja lililoachwa katika hesabu, jina lake ni .encfs6.xml, na linaanza na nukta. Ndani yake umo ufunguo halisi wa ghala, wenyewe ukiwa umefungwa kwa nywila. Nywila haifungui mafaili. Inafungua faili hilo, nalo ndilo linalofungua mafaili. Watu wengi hawajui hivyo. Wanaamini kwamba wakikumbuka nywila wamemaliza.

Sasa, kwenye Linux kila faili linaloanza na nukta hufichwa na programu ya kupangia mafaili. Mtu anayenunua kompyuta mpya hufungua ghala la zamani, huchagua vyote anavyoviona, hunakili kwenye flashi na kuvihamisha. Faili la ufunguo linabaki nyuma. Kwenye kompyuta mpya anaelekeza EncFS kwenye ghala hilo. Programu haikuti ufunguo, kwa hiyo inadhani ameomba kuanzisha ghala jipya. Inauliza aina ya mpangilio, naye anabonyeza ili kuendelea. Inauliza nywila, naye anaandika ileile ya zamani. Inaiuliza tena kuhakikisha. Dirisha linafunguka, na ndani hamna kitu.

Nywila ni ileile, ila ufunguo uliozaliwa sasa hivi ni mwingine kabisa, umetengenezwa kwa bahati nasibu. Mafaili ya miaka yote yamo ghalani, na hakuna hata moja linalofumbuka kwa ufunguo huo mpya. Wapo wanaodhani kila kitu kimepotea, wakaanza upya, wakahifadhi mafaili mapya juu ya ya zamani, wakawa na ghala moja lenye funguo mbili.

Dalili ya kuitambua hali hii ni moja, na kila mwenye folda iliyosimbwa aishike. Ghala lililopo huuliza nywila mara moja. Programu ikiuliza nywila mara mbili, simama. Inataka kuanzisha jipya.

Aliyekwisha kuvuka hapo asifute lolote. Atafute .encfs6.xml ya zamani kwenye kompyuta ya awali, kwenye diski ya akiba, au kwenye historia ya hifadhi ya mtandaoni. Akiipata, asiifute ile mpya pia, kwa sababu mafaili aliyohifadhi baada ya kuhama yanaihitaji hiyo. Atafungua ghala kwa ufunguo wa kwanza na kunakili yanayoonekana, kisha kwa ufunguo wa pili na kunakili yaliyobaki. Asipoipata ile ya zamani, hakuna fundi wa Arusha, Kampala wala Kigali atakayeyafumbua mafaili yale, na anayeahidi kuyafumbua kwa malipo ya kutanguliza anatafuta nauli.

Kuna utupu wa aina nyingine ambao ni wa kuchekesha mtu akishaujua. Kompyuta imewashwa, dirisha halijafunguliwa, mtu anaingia kwenye folda anayoijua na kuikuta tupu. Akiwa na haraka anahifadhi humo ankara ya siku. Ankara hiyo haijasimbwa, haijaenda ghalani, haijaenda Nairobi. Baadaye anajaribu kufungua dirisha na matoleo mengi ya programu yanakataa, yakisema mahali hapo si patupu. Akilazimisha, dirisha linafunguka juu ya ankara ile na kuifunika. Haitaonekana hadi dirisha lifungwe.

Majina marefu nayo yana visa vyake. Jina likisimbwa huwa refu kuliko lilivyokuwa, na Linux kwa kawaida haikubali jina linalozidi baiti 255. Katika eCryptfs, mfumo mwingine wa usimbaji uliowahi kutumika sana kwenye Ubuntu, kikomo cha jina unaloandika wewe kinashuka hadi herufi 143 hivi. Wanaoandika majina ya ankara kama barua, yenye jina la mteja, gari, dereva na tarehe, hukuta faili limekataa kunakiliwa, na kama walikuwa wananakili mafaili mia kwa mpigo huenda wasilitambue lile moja lililobaki.

Mama wa Namanga anauliza kama aendelee na EncFS. Jibu la kijana ni hapana, na sababu yake si ankara zilizofichika. Ukaguzi wa usalama uliofanywa na Taylor Hornby mwaka 2014 ulionya kwamba EncFS haitoshi pale ambapo mtu anaweza kupata picha za ghala lilelile za nyakati tofauti, na hifadhi ya mtandaoni hutunza hasa picha za namna hiyo. Programu kama gocryptfs na Cryptomator zilikuja baadaye zikiwa na mpangilio mwingine. Katika gocryptfs jina halitegemei njia nzima, bali faili dogo liitwalo gocryptfs.diriv lililomo katika kila folda, kwa hiyo kuhamisha folda nzima ghalani hakuiui. Kulifuta faili hilo dogo ndiko kunakoua majina. Nayo pia huficha jina lililoharibika, lakini huandika onyo, na ukiiagiza kwa chaguo la -badname huonyesha hata majina mabovu yakiwa na alama mwishoni. Cryptomator, inayotumika pia kwenye Windows na simu, ina sehemu ya kukagua afya ya hifadhi ambayo hata asiye fundi anaweza kuibonyeza.

Kuhama kutafanyika msimu wa vitunguu ukipungua. Mafaili yatanakiliwa kutoka dirisha la zamani kwenda dirisha jipya, si kutoka ghala hadi ghala, na yatahesabiwa pande zote mbili. Ghala la zamani, pamoja na .encfs6.xml yake, litakaa kwenye diski ya nje kabatini hadi ile miaka 5 ya forodha iishe. Kijana wa Nairobi ameondolewa Dropbox kwenye simu, na amepewa kazi ya kuchapisha ankara 31.